Kutoka Munich hadi Nice kwa pikipiki, siku kumi, mke nyuma: ushauri wangu

Swali nimeletewa na msomaji wa Moshi. Ana miaka 41, anaendesha pikipiki ya CC 250 na barabara ya Moshi–Arusha anaijua kama chumba chake. Shemeji yake anaishi Munich. Yeye na mkewe wamepata likizo ya siku kumi wiki ya kwanza ya Juni, na wanataka kukodi pikipiki kubwa Munich, wapite Austria, Italia na Uswisi, waingie Ufaransa mpaka Nice baharini, kisha warudi Munich. Mfukoni wana euro 4,000, tiketi za ndege kando. Anauliza: inawezekana? Achukue pikipiki gani? Na kipi hasa cha kuogopa?

Kaka, habari za Moshi. Kuwezekana inawezekana, ila kwa ratiba hiyo mtafika Nice mmechoka, mmenuniana, na milima mmeiona kama abiria wa basi la usiku. Ushauri wangu utaanza kwa kukunyang'anya: Nice toa, Ufaransa toa, Uswisi tutaionja nusu siku. Na Juni mapema toa pia.

Sababu ni hii. Nyumbani tunapima safari kwa kilomita. Kwenye Alps, ile milima mirefu ya Ulaya mtakayoivuka, kilomita hazikwambii kitu. Safari ya kule hupimwa kwa vipito, yaani mahali ambapo barabara inavuka mgongo wa mlima kutoka bonde moja kwenda jingine, na kwa saa unazokaa kwenye tandiko. Barabara ya kilomita 150 yenye vipito vitatu inakula siku nzima. Mwendo wa wastani ukiweka vituo vya chai, picha na kusubiri nyuma ya basi la watalii ni kilomita 40 kwa saa, ukiwa na bahati 50. Mkiwa wawili na mizigo, kilomita 180 kwa siku zinatosha kabisa. Kutoka Munich hadi Nice kwa kupita milimani ni zaidi ya kilomita elfu moja za namna hiyo, na kurudi hata kwa barabara kuu ni kati ya 800 na 900 nyingine. Waendeshaji wanaoipenda Ufaransa hutenga wiki nzima kwa ajili ya Route des Grandes Alpes peke yake, ile njia ya kilomita kama 700 kutoka Thonon-les-Bains kwenye ziwa Geneva hadi pwani ya Mediterania. Hiyo iwekeeni mwaka mwingine.

Kuhusu tarehe, wewe mtu wa Moshi nitakueleza kwa lugha ya mlima wako. Kipito cha Stelvio kule Italia kina mita 2,757. Hapo ni juu kidogo ya kambi ya Mandara kwenye njia ya Marangu. Mandara unavaa sweta, basi. Lakini Stelvio ipo nyuzi 46 kaskazini ya ikweta, na theluji ya pale humaliza kuyeyuka Juni. Wiki ya kwanza ya Juni vipito vya juu vingine ndiyo kwanza vinafunguliwa, vingine bado vina kizuizi, na maji ya theluji yanatiririka barabarani mchana halafu yanaganda usiku. Julai na Agosti njia zote ziko wazi, ila nusu ya Ulaya nayo iko barabarani, na karibu na tarehe 15 Agosti Italia yote iko likizo. Mimi ningeomba ruhusa kazini ibadilishwe iwe kati ya tarehe 5 na 20 Septemba. Hewa imetulia, shule zimefunguliwa sehemu nyingi, bei za vyumba zimelegea. Jua nalo huzama saa moja na nusu jioni, kwa hiyo bado mna siku ndefu. Mkishindwa Septemba, basi wiki ya mwisho ya Juni.

Njia ninayokupendekeza ni duara la kilomita kama 1,100: Munich, mlima Grossglockner wa Austria, milima ya Dolomiti ya Italia, Stelvio, kisha kurudi Munich. Nitaieleza, lakini kwanza tuzungumze uendeshaji, maana hapo ndipo naona unaingia na imani kubwa kuliko inavyofaa.

Wewe umezoea kushoto. Kule ni kulia. Kwenye barabara yenye magari hutapotea, maana utafuata wenzako. Utapotea asubuhi mkitoka hotelini na barabara ni tupu, au mkitoka kituo cha mafuta, au baada ya kusimama kupiga picha upande wa pili. Bandika mshale wa plasta kwenye tangi unaoelekea kulia, na mpe mkeo, shemeji yangu, kazi ya kusema "kulia" kila mnapoondoka mahali popote. Kwenye kipilefti unaingilia kulia, na unawapisha wanaotoka kushoto kwako.

Hayo ni ya siku ya kwanza na ya pili. Lililojificha zaidi ni kwamba kona zimebadilishana tabia. Nyumbani, ukipanda Lushoto kutokea Mombo, kona ya kushoto ndiyo finyu kwako kwa sababu unapita upande wa ndani, na ya kulia ni pana. Kule ni kinyume. Kona ya U inayokunja kulia, hasa ukiwa unapanda, ndiyo itakayokuangusha. Wengi wanadhani ajali za Alps ni za mwendo kasi. Zipo, tena zinaua. Lakini mgeni aliyepakia mtu huanguka akiwa karibu amesimama: anaingia kona ya kulia ameibana ndani mno, mteremko wa lami unamshtua kwa sababu pale ndani ni mwinuko kama ngazi, anavuta klachi, anagusa breki ya mbele huku usukani umekunjwa, na kilo 220 za chuma pamoja na mkewe vinalala chini taratibu. Anayeumia mara nyingi ni mguu na heshima, lakini klachi na kioo vya pikipiki ya kukodi vinatoka kwenye amana yako.

Fanya hivi. Kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, punguza mwendo na uweke gia ya pili, au ya kwanza kama kona ni finyu sana. Kaa karibu na mstari wa katikati bila kuuvuka. Inua macho uitazame barabara ya ghorofa ya juu, ile itakayokuwa mbele yako ukishageuka: kuna basi linakuja? Kuna gari lenye trela la kulala? Kama lipo, simama chini kabla ya kona, mahali pa tambarare, lipite. Kama njia ni nyeupe, geuza kichwa chote, kidevu kiende juu ya bega la kulia, shika mafuta kidogo yasiyobadilika, na gusa breki ya nyuma kwa mbali ili mnyororo usilegee. Klachi usiivute. Pikipiki itazunguka yenyewe kufuata macho yako. Ukitazama ukingo wa mawe, utaufuata ukingo wa mawe.

Kona ya kushoto ni pana na tamu, na utamu huo ndio hatari yake. Kwenye kona ya kasi ya kushoto, tairi zako zinaweza kuwa ndani ya upande wako kabisa huku kichwa na mabega, kwa sababu umelala, vimeshavuka mstari na viko kwenye njia ya gari linalokuja. Kwenye baadhi ya barabara za Austria wamechora maduara meupe yaliyobonyea kandokando ya mstari wa katikati kwenye kona kama hizo. Mwendeshaji kwa silika hukwepa kupita juu ya rangi, kwa hiyo anajikuta amekaa kulia zaidi. Ukiyaona, jua wenzako wamegongwa hapo.

Kushuka ni kazi kuliko kupanda. Kutoka kilele cha Stelvio hadi kijiji cha Prato ni kilomita 24 tu, na katika hizo unashuka zaidi ya mita 1,800. Ukishikilia breki muda wote, mafuta ya breki yanachemka na mkono wa breki unalegea hadi mwisho. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Acha injini ikuzuie, piga breki kwa nguvu na kwa ufupi kabla ya kona, kisha achia kabisa breki zipate hewa. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha, vueni kofia, mnywe maji kwa dakika ishirini. Hakuna anayewakimbiza.

Kingine ambacho dereva wa Tanzania lazima akiache uwanja wa ndege: kupenya katikati ya foleni. Ujerumani na Uswisi ni kosa. Unakaa nyuma ya gari kama gari. Inauma, najua.

Pikipiki gani sasa. Nina hakika umeshaangalia picha za BMW GS kubwa, na anayekodisha atakusukumia hiyohiyo kwa sababu ndiyo ya bei juu. Kwa mtu anayetoka CC 250, pikipiki ya karibu kilo 250, iliyo ndefu, yenye masanduku matatu na mtu nyuma, ni nyingi mno kwa wiki ya kwanza. Tafuta ya silinda mbili kati ya CC 650 na 800. Suzuki V-Strom 650 ina tangi la lita 20, imenyooka, haina ujanja, na abiria anakaa vizuri. Honda NC750X tandiko lake ni la chini zaidi, na tangi la mafuta limewekwa chini ya tandiko, kwa hiyo uzito wote uko chini. Ukiwa na mguu mfupi au wasiwasi wa kuisimamisha, hiyo ndiyo. Nguvu usihofu. Injini hupoteza pumzi ukipanda, kama asilimia kumi kwa kila mita elfu, lakini hizo bado zinawabeba wawili bila kulia. Hakikisha ina ABS, yaani breki zisizofunga magurudumu, na uangalie tarehe na kina cha tairi kabla ya kusaini.

Kama unaweza, kabla ya safari muazime mtu pikipiki nzito, mpakie shemeji na mpande Lushoto mara kadhaa. Mzoee kupanda na kushuka: wewe umekanyaga chini miguu yote miwili, breki ya mbele imeshikwa, yeye anapanda kutoka kushoto baada ya kukuambia. Yeye si mzigo. Akiegemea kinyume na wewe kwenye kona mtayumba, akikugonga kofia kila ukipiga breki utachoka shingo. Mfundishe kuangalia juu ya bega lako la upande wa kona, basi, mwili utafuata. Nunueni vifaa vya kuzungumzia vya kwenye kofia. Ni pesa nzuri kuliko kiti cha ngozi. Na kila saa moja simameni, hata kama wewe hujachoka, kwa sababu wewe una usukani wa kushika na yeye hana.

Karatasi nitazipitia haraka. Viza ni ya Schengen, moja kwa nchi zote hizo, euro 90 kila mtu, na unaiomba ubalozi wa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi, siyo lazima mtakayotua. Kwa njia yangu hesabu usiku wenu vizuri, maana Italia inaweza kuishinda Ujerumani. Omba mapema, unaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla. Leseni yako iwe na daraja A kamili, siyo A1 ya pikipiki ndogo, na uchukue kibali cha kimataifa cha udereva kabla ya kuondoka. Kampuni nyingi za kukodisha zinataka uwe na leseni ya daraja hilo kwa miaka kadhaa na kadi ya benki ya mkopo yenye jina lako, siyo ya kawaida, kwa ajili ya amana ambayo huwa kati ya euro 1,000 na 2,500. Waambie kwa maandishi kwamba mtaingia Austria, Italia na Uswisi.

Bima ndipo watu wanapodanganyika. Sheria ya viza inataka bima ya matibabu ya euro 30,000, na wakala atakuuzia iliyo rahisi. Soma maandishi madogo: nyingi haziwalipi walioumia wakiendesha pikipiki inayozidi CC 125, au hazigusi uokoaji wa milimani. Helikopta ndiyo gari la wagonjwa la huko juu, na bili yake inahesabiwa kwa maelfu. Tafuta bima inayotaja pikipiki kubwa na helikopta kwa maneno, hata ikizidi bei mara mbili. Namba ya dharura ni 112 nchi zote hizo.

Mavazi: jaketi na suruali zenye vikinga mifupa, buti zinazofunika kifundo, glavu jozi mbili, suti ya mvua ya kuvaa juu, na fulana na suruali za ndani za joto. Hesabu yake ni rahisi. Joto hushuka nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita elfu. Bolzano iko mita 260 tu, ikiwa nyuzi 30 saa sita mchana, juu ya Stelvio ni 14 kama jua linawaka, na ukiongeza upepo wa mwendo na wingu moja, vidole havifungui zipu. Kofia iwe na alama ya usalama ya ECE. Baadhi ya wakodishaji wana mavazi ya kukodi pia. Waulize kabla ya kununua, kwa sababu wewe Moshi hutayatumia tena mpaka safari nyingine.

Njia yenyewe. Siku ya kwanza chukueni pikipiki asubuhi, na kabla ya kuondoka tafuta uwanja mtupu wa maegesho uzungushe namba nane mpaka mikono ilegee. Halafu nendeni kusini polepole kupitia Tegernsee hadi ziwa Achensee, Austria, kama kilomita 100. Inatosha. Kwenye ramani ya simu weka kukwepa barabara za kulipia, maana barabara kuu za Austria zinataka stika hata kwa pikipiki, na hamna haja nazo. Siku ya pili pitieni bonde la Zillertal, kipito cha Gerlos na maporomoko ya Krimml ya mita 380, mkalale karibu na Zell am See. Hiyo ndiyo shule yako ya kona, kabla ya mtihani.

Siku ya tatu ni Grossglockner. Barabara hii ilifunguliwa mwaka 1935, ina kilomita 48 na kona za U 36, na haikujengwa kwa ajili ya kwenda popote. Ilijengwa ili watu waone mlima. Ushuru wake kwa pikipiki unazidi euro 30, na usiulalamikie, lami yake ni kama meza. Fikeni getini kabla ya saa tatu asubuhi. Juu kuna tawi fupi la kupanda Edelweissspitze, mita 2,571, lililotandikwa mawe. Likiwa na maji, acheni, pandeni kwa miguu. Lazima mchepuke hadi Kaiser-Franz-Josefs-Höhe mkaone barafu ya Pasterze chini ya kilele cha mita 3,798. Mtu wa Kilimanjaro ataielewa haraka kuliko Mzungu: mwamba mtupu unaoona pembeni ni mahali barafu ilipokuwa. Laleni Lienz.

Siku ya nne mnaingia Italia kupitia Sillian na Dobbiaco, mnashuka Cortina, mnapanda Passo Giau wa mita 2,236 na kutua Arabba, kijiji kilichozungukwa na vipito. Hapa mkae usiku tatu. Nasisitiza: usiku tatu. Siku ya tano acheni mizigo hotelini mzunguke Sella, vipito vinne vya Campolongo, Gardena, Sella na Pordoi katika duara la kilomita kama 55, na pikipiki bila masanduku utaona imekuwa nyepesi kama yako ya nyumbani. Anzeni saa mbili asubuhi. Saa tano mabasi yanafika, saa nane mawingu yanapanda. Mkiona anga limekuwa jeusi na radi inaunguruma, teremkeni bondeni mara moja. Kwenye kipito hakuna cha kujificha nyuma yake. Siku ya sita ni ya akiba: mvua ikinyesha hiyo ndiyo mnayolala, jua likiwaka shemeji anachagua. Watu wengi hunipinga hapa, wanaona ni siku imepotea. Siku isiyopangwa ndiyo inayoiokoa ratiba nzima.

Jimbo la Bolzano, kaskazini mwa Italia, lilikuwa la Austria mpaka Vita ya Kwanza ya Dunia, kwa hiyo vibao vina majina mawili, la Kitaliano na la Kijerumani. Bolzano ndiyo Bozen, Stelvio ndiyo Stilfser Joch. Yaandike yote kwenye karatasi uiweke juu ya tangi, simu ikizima usihangaike. Katikati ya miji ya zamani kama Bolzano kuna maeneo yasiyoruhusiwa wageni kuingia na chombo, yana kamera, na faini humfuata mkodishaji miezi baadaye, naye huongeza ya kwake.

Siku ya saba mnavuka Pordoi, Canazei na kipito cha Costalunga hadi Bolzano, kisha bonde la matofaa kupita Merano hadi Prato, chini kabisa ya Stelvio. Ni siku ndefu ya kilomita 170 na bondeni kuna joto na malori. Na siku ya nane, tena bila mizigo, ndiyo Stelvio.

Waaustria waliikamilisha mwaka 1825, wakati eneo lote lilikuwa lao, chini ya mhandisi Carlo Donegani. Upande wa Prato una kona za U 48, kila moja ina kibao cha namba, na zinahesabiwa kushuka: ya chini ni 48, ya kileleni ni 1. Msaada wake ni huo, kila ukiona namba unajua bado ngapi. Barabara ni nyembamba, baiskeli ni nyingi, na kona zenyewe ni za ufinyu niliokueleza. Ondokeni Prato saa moja na nusu asubuhi, siyo Jumamosi wala Jumapili. Angalia pia tarehe ya siku ya baiskeli, kwa sababu kila mwaka mwishoni mwa kiangazi wanaifunga barabara kwa vyombo vya moto siku moja. Baiskeli ziache mita moja na nusu, na usipite yoyote ndani ya kona. Kuna wapiga picha hukaa kwenye mabonde ya kona na kuuza picha mtandaoni. Usiwatazame, tazama uendako.

Kileleni ni soko la soseji na fulana, mtakaa robo saa. Kushuka msirudie njia ileile. Shukeni upande wa Bormio kama kilomita tatu, kisha kunjeni kulia kwenye kipito cha Umbrail, mita 2,501, na hapo mko Uswisi. Ghafla ukimya. Mnateremka hadi Santa Maria, mnapita monasteri ya Müstair, mnarudi Italia na kunywa kahawa Glorenza, kamji kadogo kenye ukuta wa zamani wote mzima. Nusu siku, na Uswisi mmeiona. Zimeni data za simu mkiingia, kwa sababu Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya na laini nyingi huchaji tofauti. Mwendo nje ya mji ni 80, na faini zao hazina huruma. Mkiona kibao cha bluu chenye tarumbeta ya njano, mko kwenye njia ya basi la posta. Basi hilo la njano lina haki ya kupita kwanza, dereva wake akikuashiria urudi nyuma, unarudi. Kabla ya kona isiyoonekana hupiga honi ya sauti tatu inayofahamika nchi nzima. Ukiisikia, simama ulipo na ukae kulia.

Siku ya tisa mnapanda kipito cha Resia, ambako mnara wa kanisa umesimama peke yake ndani ya ziwa. Kijiji kilizamishwa na bwawa mwaka 1950. Mnarudi Austria kupitia Landeck na Fernpass, mnalala Ehrwald, kesho yake Munich. Usishawishike kukatiza kipito cha Hahntennjoch bila kuangalia kadi ya pikipiki. Tangu 2020, miezi ya kiangazi, barabara kadhaa za sehemu hiyo ya Tirol, jimbo la Austria, zimepigwa marufuku kwa pikipiki zenye kelele inayozidi desibeli 95 zikiwa zimesimama. Namba hiyo imeandikwa kwenye kadi, sehemu ya U.1. Pikipiki nilizokutajia kwa kawaida ziko chini, lakini polisi wanasoma kadi, hawasikilizi maelezo.

Pesa: pikipiki ya daraja hilo ni euro 110 hadi 140 kwa siku, iweke 1,300. Vyumba vyenye kifungua kinywa na chakula cha jioni kwa wawili, 160 hadi 200 kwa usiku. Kwa usiku tisa iweke 1,600. Mafuta hayafiki 120. Ushuru wa barabara 60, chakula cha mchana na kahawa 350. Jumla kama 3,400, bima na mavazi zitakula iliyobaki. Zinatosha. Tafuteni hoteli zinazojitangaza kuwa za waendesha pikipiki, zina gereji na chumba cha kukaushia nguo, na hicho chumba siku ya mvua kina thamani kuliko bwawa la kuogelea. Kama hamli nguruwe, semeni mapema na kwa uwazi, kwa sababu nyama yake ya moshi huwekwa hata kwenye maandazi ya mchuzi. Kuna polenta, ambayo ni ugali wao wa mahindi, tambi za jibini na supu za mboga. Mkiwa na njaa, ombeni Kaiserschmarrn, chapati ya mayai iliyochanwachanwa ikamwagiwa sukari. Mtaagiza mara ya pili.

Vituo vya mafuta vijijini Jumapili havina mtu, kuna mashine ya kadi tu, nayo hushikilia euro mia au zaidi kwa siku kadhaa ndipo ikate ya kweli. Italia, pampu ya kuhudumiwa ni ghali kuliko ya kujihudumia, na zipo kituo kimoja. Jazeni tangi likifika nusu. Septemba mtakuta pia ng'ombe wakishushwa kutoka malisho ya juu wamevishwa maua na kengele, barabara yote yao. Zima injini, usipige honi, na baada yao endesha taratibu kilomita nzima, kwa sababu kilichobaki kwenye lami kinateleza kuliko mafuta.

Mwisho, pangeni siku ya kurudisha isiangukie Jumapili, maana maduka ya Ujerumani hufungwa na mtalipa siku ya ziada. Jaza tangi karibu na duka, tunza risiti, na piga picha pikipiki pande zote, masanduku na rimu, siku ya kuichukua na siku ya kuirudisha, ukiwa na mfanyakazi wao kando yako.